Siku yangu stoo: amani na watu wote, na katoni tatu zilizopungua

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla nyumba haijaamka, maana hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Siku hizi nimetulia kwenye Waebrania 12:14: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote, na huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao." Walioandikiwa waraka huo hawakuwa watu wa maisha laini. Sura ya 10 inasema walitukanwa hadharani na kunyang'anywa mali zao. Ndio hao hao wanaoambiwa watafute amani na watu wote, na sioni pale palipoandikwa "isipokuwa waliowanyang'anya". Naomba nikitaja majina: wa nyumbani, wa kazini, na mmoja ambaye jina lake bado linanikwama kooni.

Saa 1 niko njiani. Hakuna la kusimulia.

Saa 2 nafungua. Mimi ni mtunza stoo. Napokea mzigo, nahesabu, naandika kwenye leja na kwenye kadi ya bidhaa, kisha natoa kwa mwenye hati iliyosainiwa. Mwenzangu wa kitengo cha jirani anapita mlangoni. Namwamkia, ananijibu kwa mguno. Kinyongo chake kilianza siku nilipokataa kumtolea vifaa bila hati, naye aliona nimemdhalilisha mbele ya wageni wake. Warumi 12:18 inanisaidia hapa: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo alijua kwamba amani ina pande mbili, na kwamba wakati mwingine upande mmoja hautaki. Upande wangu ni salamu, kwa jina lake, kwa sauti ile ile ninayowasalimia wengine. Hati ninaendelea kuidai.

Saa 4 lori linaingia. Hati inasema katoni 40. Vijana wanapakua, nahesabu zikishuka, nahesabu tena zikiwa zimepangwa: 37. Dereva ananisogelea, anashusha sauti.

"Kaka, saini tu zote. Hizo tatu nitakuletea kesho, tusisumbuane."

"Nitasaini nilizopokea."

"Yaani huniamini?"

"Nakuamini kwamba utazileta. Zikija kesho, nitazisaini kesho."

Akapandisha hasira. Akasema watu wa dini ndio wagumu kuliko wote, na vijana wa kupakua wakacheka. Nikamwomba ahesabu mwenyewe. Akahesabu kwa kidole, paleti kwa paleti, midomo ikicheza, akafika 37, akanyamaza. Nikaandika chini ya hati: "Zimepokelewa 37, zimepungua 3." Nikasaini, nikampa kalamu naye akasaini. Nikamwambia kwamba maneno hayo yanamlinda na yeye pia, maana kama upungufu ulitokea kule alikopakia, sasa kuna maandishi. Nadhani hilo ndilo lililompoza, wala si upole wangu.

Yakobo 3:17 inasema hekima itokayo juu "kwanza ni safi, tena ni ya amani". Mpangilio huo tumezoea kuugeuza. Tunaanza na amani, kisha usafi tunauweka kama nafasi itabaki. Tunasaini ili tusikwazane, tunanyamazia fedha za kikundi zisizo na maelezo ili umoja usivunjike. Yeremia aliwaona watu wa namna hiyo, wanaosema "Amani, amani", wala hapana amani. Ila kuna kosa la upande wa pili, na kwetu waumini ndilo linalovaa suti: kumwita dereva mwizi mbele ya vijana, kisha kuita hiyo ni kusimamia kweli. Mimi sijui zilikopotelea. Kazi yangu ni kusema ni ngapi.

Tena mistari miwili tu baada ya ule wa alfajiri anatajwa Esau, aliyeuza urithi wake wa mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja. Bei ya kuuzia huwa ndogo hivyo. Katoni tatu zingetosha kabisa.

Saa 7 mchana, chakula. Mezani mazungumzo yanaangukia kwa yule mwenzangu wa mguno, na mambo yake ya nyumbani yanaanza kumwagwa. Wanajua hatuelewani, kwa hiyo wananiangalia kana kwamba zamu yangu imefika. Nasema, "Hayo sijui. Ila kazi ya mahesabu anaiweza," ambayo ni kweli, kisha nauliza habari za ratiba ya likizo. Mahubiri mezani hayana faida. Antonio wa Misri, karne ya 3, aliacha kila kitu akaenda jangwani kutafuta utakatifu, na hata huko watu walimfuata. Sisi wengine tumepewa meza yenye masengenyo, na Paulo aliwaambia Wakorintho wazi kwamba ukitaka kukwepa kila mwenye dhambi, itakubidi utoke duniani.

Mchana unaishia kwenye leja. Taarifa ya upungufu naipeleka kwa mkuu wangu, anaipokea bila neno.

Saa 11 jioni naenda ofisini kwa mwenzangu. Mathayo 5:23 haisemi "ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako". Inasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Kwa hiyo siwezi kukaa nikisema mimi sina shida naye. Nikamwambia: utaratibu wa hati siwezi kuubadilisha, lakini najua siku ile uliumia mbele ya wageni wako, nami sikutaka uumie. Akaendelea kupanga karatasi. Mwishowe akasema, "Sawa, nimesikia." Ikawa hivyo tu. Sikupewa mkono.

Saa 2 usiku, nyumbani, nimevua viatu. Simu inalia, kijana wangu anachungulia jina: ni mzee wa kamati ya kanisa, mtu ambaye akianza kuzungumza hana kituo. "Baba, nimwambie umelala?" Mama yake ananitazama kutoka upande wa pili wa sebule, anangoja kuona. Mchana kutwa nimebishania katoni tatu.

"Lete hapa."

Tuliongea dakika 40. Mimi sikupata hata tano kati ya hizo.