Siku moja kwenye chumba cha magoti

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, feni inazimwa na mashine ya kupima umeme wa misuli inachomekwa kwenye soketi yake peke yake. Nyaya za elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa msuli, zikilala karibu na waya wa feni, mstari kwenye skrini hutetemeka mara 50 kwa sekunde na kipimo hakisomeki.

Saa 2:00. Anaingia mama lishe, goti la kulia linauma mwezi wa nne sasa. Kushuka ngazi ni taabu, na kwenye sala anakaa kitini. "Mwanangu, wameniambia ute umekwisha."

Ute haujaisha, mama. Umezidi. Kiganja kikipanda upande wa ndani wa goti, kisha kikashuka upande wa nje, kile kishimo cha ndani kinafura tena tukikitazama. Akinyanyua mguu ulionyooka, kisigino kinashuka kidogo kwa sababu goti linashindwa kumalizia kunyooka. Futi ya fundi cherehani, sentimita 10 juu ya pia ya goti, inaonyesha paja hilo limepungua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakimwambia afanye mazoezi kwa bidii zaidi. Majaribio ya mwaka 1984 ya kudunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima yalionyesha kwamba mililita 20 hadi 30 zinatosha kufifisha msuli wa ndani wa paja, ule ulio juu ya pia ya goti. Misuli mingine ya paja la mbele ilihitaji 50 hadi 60. Kifuko cha goti kikivutika, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao huzuia amri ya kukaza msuli. Mama huyu si mvivu. Msuli wake umezuiwa.

Saa 2:40. Tunagonga kwa nyundo ndogo chini ya pia ya goti, miguu ikining'inia. Pande zote mbili zinaruka sawa, kwa hiyo hatuna sababu ya kushuku mizizi ya neva mgongoni. Lakini nyundo haipimi kizuizi chenyewe. Kwa hilo tunatumia refleksi ya H, yaani mkazo wa msuli unaokuja wenyewe neva yake ikipigwa umeme na taarifa kupitia uti wa mgongo; aliieleza mwanafiziolojia Mjerumani Paul Hoffmann mwaka 1910.

Saa 3:00. Anayepima ni mwanamke, na khanga inafunika kila kisichohitajika, kwa kuwa umeme unapitishwa kinenani. Mama analala chali, taulo lililokunjwa chini ya goti. Ngozi inasuguliwa kwa spiriti. Elektrodi mbili zinabandikwa juu ya msuli wa ndani, sentimita 2 kati yake, zikifuata mshazari wa nyuzi za msuli. Kinenani tunatafuta mapigo ya mshipa wa damu, kisha tunasogea nje kidogo: neva ya paja ipo hapo. Pigo la umeme ni la milisekunde 1, na tunasubiri angalau sekunde 10 kabla ya lingine, maana ukiharakisha refleksi inafifia yenyewe.

Umeme unapandishwa polepole. Wimbi la H, lile lililopitia uti wa mgongo, linakua, halafu linapungua wakati wimbi la M, lile linalokwenda moja kwa moja kwenye msuli, linazidi kupanda; hiyo si hitilafu, mawimbi yanagongana njiani ndani ya neva. Tunachukua H kubwa kabisa tukaigawa kwa M kubwa kabisa; jibu likiwa dogo, kizuizi ni kikubwa. Akikunja ngumi, akikaza meno au akigeuza shingo, H inabadilika na tunarudia. Kulinganisha na mguu wa pili peke yake hakutoshi, kwa sababu kizuizi huweza kugusa miguu yote miwili.

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hapitishiwi umeme huu, na mjamzito hatumwekei elektrodi kinenani.

Saa 4:30. Barafu kwenye kitambaa kibichi, dakika 20, halafu mazoezi papo hapo wakati kizuizi kimelegea. Anakandamiza taulo kwa goti sekunde 5, mara 10, mizunguko mitatu. Kisha analala ubavu na kunyanyua mguu wa juu, kwa ajili ya nyonga. Maumivu yasipite 3 kati ya 10.

Mchana wanapita wengine wanne, kazi ileile.

Saa 9:00 alasiri. Mama amerudi baada ya kumaliza kuuza chakula. Goti limefura kuliko asubuhi: alisimama jikoni tangu alipotoka hapa, bila kupumzika. Mazoezi ya jioni tunayapunguza hadi mzunguko mmoja, na kigoda kirefu kinaandikwa kwenye kadi yake, akatie vitunguu akiwa amekaa.