Kumbukumbu ya mradi wangu: mazoezi kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza kifua

Mradi huu haukuanza kwa nia ya kukimaliza kwa pushapu kifua changu cha kiume kilichovimba kama matiti. Daktari aliyenipapasa na kunipima kwa mawimbi ya sauti alikuwa amekwisha kunieleza kwamba chini ya chuchu zangu pana tezi ya titi iliyokomaa, na tezi haiyeyuki kwa mazoezi kama yanavyopungua mafuta. Ningependa kila kijana anayejificha ndani ya shati pana alijue hili mapema, kwa sababu mwenye mafuta matupu hufaidika akipunguza uzito, ilhali mwenye tezi anaweza kujaza misuli ya kifua na bado uvimbe ukaonekana mbele yake. Vipimo vya homoni, na maswali kuhusu dawa anazotumia mtu, hutangulia kisu.

Kabla ya upasuaji nilijitahidi kuufanya uzito utulie, maana anayepungua sana baadaye huweza kubaki na ngozi iliyolegea. Nilitembea kwa kasi alfajiri na kuimarisha mgongo, lakini zoezi nililolithamini kuliko yote ni kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, kwa kuwa baada ya upasuaji mikono haitakiwi kusukuma wala kuvuta, na kuinuka kitandani huwa ni kazi ya miguu na tumbo.

Mafuta yalinyonywa kwa mrija, na tezi ikatolewa kupitia mkato mdogo ukingoni mwa duara la chuchu. Kesho yake nilianza kutembea polepole ndani ya nyumba ili damu isigande katika mishipa ya miguu. Zaidi ya hapo nilikatazwa chochote kinachopandisha shinikizo la damu, kwa sababu katika siku hizo mishipa midogo iliyokatwa inaweza kuvuja, damu ikakusanyika chini ya ngozi, na mgonjwa akalazimika kurudishwa chumba cha upasuaji. Fulana ya kubana, inayozuia uvimbe na kuisaidia ngozi ishikamane na nyama, huvaliwa usiku na mchana kwa wiki kadhaa; katika joto la Dar es Salaam ni mtihani wa kweli, nami namshauri kila mtu awe nazo mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Baiskeli ya mazoezi niliruhusiwa wiki ya 3, kwa mwendo wa taratibu na mikono ikiwa imetulia. Kifua chenyewe kilisubiri hadi wiki ya 6, daktari alipouridhia mshono, nikaanza na pushapu za ukutani na kunyoosha mabega yaliyokuwa yamekakamaa.

Ganzi kidogo na ugumu chini ya kovu bado vipo, jambo ambalo daktari alinitahadharisha kwamba linaweza kuchukua miezi. Hatua inayofuata ni pushapu za sakafuni kwa magoti. Vyuma vizito vya kifua nitavigusa baada ya kliniki ijayo, iwapo ugumu huo utakuwa umelainika.