Uzoefu wangu wa kutafuta ringi na matairi ya kubadilishia magari ya modeli

Pakiti ya ringi ikiandikwa "inchi 18, skeli 1/24" (yaani kipimo halisi kimegawanywa kwa 24), bado haijaniambia la maana. Sijui kama hizo inchi ni za pale tairi linapokalia au za mdomo unaoonekana kwa nje. Sijui tundu la ekseli lina upana gani, wala kama uso wa ringi umezama ndani au umetokeza. Ndiyo maana kabla ya kuanza kutafuta huwa nina karatasi yenye namba nne za milimita: kipenyo cha ringi, kipenyo cha nje cha tairi, upana wa tairi, na kina kutoka uso unaogusa habu hadi mdomo wa nje. Ringi zisizokaribia namba hizo siziagizi, hata zikiwa nzuri namna gani pichani.

Namba tatu za kwanza nazitoa kwenye gari halisi. Tuchukue tairi la 225/45R17, lenye upana wa milimita 225. Ukuta wake ni asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101.25. Zidisha mara mbili kwa kuwa kuna ukuta juu na chini, ongeza ringi ya inchi 17 ambayo ni milimita 431.8, unapata kipenyo cha milimita 634.3. Gawanya kwa 24: tairi la modeli linatakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 26.4 na upana wa milimita 9.4. Ringi yenyewe, kwa hesabu hiyohiyo, ni milimita 18.

Hapo kwenye 18 ndipo watu wanapokwama. Inchi 17 za ringi halisi hupimwa pale tairi linapokalia, na mdomo wa chuma hupanda juu ya hapo karibu milimita 17 kila upande. Kwa hiyo sehemu ya ringi unayoiona ukisimama ubavuni mwa gari ni pana zaidi, na kwenye 1/24 inafika karibu milimita 19.4. Watengenezaji wengine wa modeli hufuata kipimo cha kwanza, wengine cha pili. Ndiyo sababu seti mbili za "inchi 17" kutoka kampuni mbili hutofautiana zaidi ya milimita nzima, na ringi ya 17 ya mmoja ikawa sawa na ya 18 ya mwenzake. Mimi hulinganisha kile kinachoonekana, maana jicho halijui tairi limekalia wapi.

Muuzaji asipotoa vipimo, picha inatosha ikiwa imepigwa ikiielekea ringi moja kwa moja. Nafungua picha ya gari halisi, napima kipenyo cha mdomo wa ringi na kipenyo cha tairi kwa pikseli, kisha nagawanya cha kwanza kwa cha pili. Kwa 225/45R17 jibu hukaribia 0.74. Halafu nafanya vivyo hivyo kwenye picha ya ringi inayouzwa ikiwa imevishwa tairi. Ikitoka 0.80, hiyo ni seti yenye tairi la ukuta mfupi, haitalifaa gari la kawaida la mtaani. Picha iliyopigwa kwa mshazari itupe, duara lililolala linapotosha hesabu.

Sasa skeli. Magari mengi ya kampuni za Japani kama Tamiya, Aoshima, Fujimi na Hasegawa ni 1/24, na mengi ya Kimarekani ya AMT na Revell ni 1/25. Tofauti ni asilimia nne tu, na kwenye bodi haisumbui. Kwenye ringi inaonekana: ringi ya milimita 18, ambayo ni inchi 17 kwa 1/24, ukiiweka kwenye gari la 1/25 inakuwa kama inchi 17.7. Kwa gari la kisasa lililoshushwa hiyo ni faida, kwa gari la miaka ya 1960 lililovaa ringi za inchi 14 inaharibu sura yote. Kanuni ninayotembea nayo kichwani ni kwamba inchi moja ni takriban milimita moja katika skeli zote mbili (1.06 kwa 1/24, 1.02 kwa 1/25).

Kuhusu mahali pa kupata, mimi huanza na masalia. Baadhi ya boksi za magari ya kuunganisha huja na seti mbili za ringi, na ile isiyotumika hubaki kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande. Boksi la mtumba lenye bodi iliyovunjika mara nyingi ni njia rahisi zaidi ya kupata ringi nne nzuri kuliko pakiti ya ringi peke yake, na juu yake unapata breki na viti. Baada ya hapo naangalia seti zinazouzwa zenyewe. Aoshima wana mfululizo wa The Tuned Parts wa 1/24, ambao kila pakiti ina ringi nne na matairi yake, zikiwemo nakala za ringi zinazojulikana kama Volk Racing TE37 na Watanabe. Fujimi nao wanazo. Pegasus huelekea zaidi kwenye mitindo ya Kimarekani, kroma nyingi na vipenyo vikubwa. Ukitafuta, andika jina la ringi halisi pamoja na skeli na inchi. Jina la gari halisaidii sana, kwa sababu seti hizi hazijatengenezwa kwa gari moja.

Nje ya hapo kuna ringi za rezini za kumimina na zile za kuchapishwa kwa printa ya 3D. Kwa wingi wa mitindo, hakuna kinachoishinda printa. Faili la 1/24 unalipunguza hadi asilimia 96 upate 1/25, au unalikuza hadi 133.3 upate 1/18. Kulishusha hadi asilimia 37.5 kwa ajili ya 1/64 ni jambo jingine kabisa: spoku iliyokuwa na unene wa milimita 0.8 inabaki na 0.3, na hiyo huvunjika ukiondoa tu vishikizo vya uchapishaji. Kwa 1/64 tafuta faili lililochorwa kwa skeli hiyo tangu mwanzo. Ringi zilizochapishwa zikifika zinanata kwenye vidole, zioshe kwa alkoholi ya isopropili huku umevaa glavu, ziache zikauke kabisa, kisha zimulikwe kwa taa ya miale ya urujuanimno (UV). Rangi haishiki juu ya rezini isiyokomaa. Zile za kumimina zioshwe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, maana zimepakwa mafuta ya kuziachanisha na ukungu. Aina zote mbili zipigwe msasa kwa maji, na barakoa iwe usoni. Vumbi la rezini si la kuvuta.

Tundu la katikati ndilo kazi yenyewe. Boksi nyingi za Kijapani hutumia bushi laini ya plastiki inayochomekwa nyuma ya ringi na kushika kijiti cha habu. Boksi za zamani za Kimarekani hutumia ekseli ya chuma inayopita kutoka ringi hadi ringi. Ukiweka ringi ya aina moja kwenye chasi ya aina nyingine, ama inapwaya ama haiingii. Ikipwaya, napanua tundu kidogo na kuweka mrija wa shaba. Mirija ya kampuni ya K&S inafaa sana hapa kwa kuwa kila saizi huteleza ndani ya saizi inayofuata, hivyo unaweza kupunguza tundu hatua kwa hatua bila kubahatisha. Isipoingia, ni drili ya mkono. Natoboa kutoka nyuma, naanza na sindano ya milimita 0.8, halafu 1.5, ndipo namalizia na saizi inayotakiwa. Ukianza na kubwa moja kwa moja itavutwa na upande wenye plastiki laini. Tundu likihama milimita 0.3 tu, ringi ikizungushwa inayumba, na kwenye gari lililosimama tairi moja litaning'inia juu ya meza.

Kisha kina. Pima ringi ya asili kutoka uso wa nyuma hadi mdomo wa nje, pima mpya, tofauti ndiyo unayokata au kuongeza. Kuongeza ni rahisi: kipande cha plastiki bapa cha unene unaohitajika, kimetobolewa katikati. Kukata nyuma ya ringi kunahitaji subira, sugua kwa duara juu ya msasa namba 240 uliolazwa kwenye kioo na uwe unapima kila mara pande nne, la sivyo ringi itakaa mshazari. Mimi huacha nafasi ya angalau nusu milimita kati ya tairi na tao la madigadi, na mbele zaidi kidogo kama magurudumu yanakata kona. Angalia breki pia. Diski ya milimita 320 ni milimita 13.3 kwa 1/24. Ndani ya ringi ya 17 inaenea, lakini kishikio cha bushi mara nyingi kimekaa palepale diski inapotakiwa kukaa, na utalazimika kukata kimoja. Kama modeli ni ya kabatini, nakata kishikio na kugandisha ringi moja kwa moja kwenye habu.

Kroma ya kiwandani hung'aa kupita chuma halisi. Kuivua, zamisha ringi kwenye blichi ya kufulia nguo nyeupe, dirisha likiwa wazi, na usiichanganye kabisa na siki wala kisafishio kingine. Nyingine huvuka kwa dakika chache, nyingine hutaka usiku mzima. Chini ya kroma hubaki vanishi ya manjano inayojaza mashimo ya nati. Hiyo blichi haiitoi; nasuuza ringi kwa maji mengi hadi blichi iishe, ndipo nahamia kwenye alkoholi na mswaki. Usipotaka kuvua, basi kwangua kroma pale gundi itakapogusa, kwani gundi ya plastiki haiyeyushi kroma na kiungo kitaachia.

Matairi ya boksi yana mshono katikati ya kashata (meno ya tairi) na mng'ao wa kitoto. Vyote huondoka kwa msasa namba 320 hadi 400. Nalivisha tairi kwenye kijiti kilichobanwa kwenye drili na kuizungusha polepole. Polepole kweli, kwa sababu vinili, plastiki laini ya matairi haya, ikipata joto hulainika na kufanya vinundu badala ya kusagika. Tairi likibana sana, lichovye kwenye maji ya moto dakika moja au mbili na ulivishe likiwa vuguvugu. Likizidi kuvutwa, ukuta hupinda nje na baada ya muda hupasuka kwenye ukingo, kwa hiyo mimi sivuti zaidi ya milimita moja. Likipwaya, zungushia ringi ukanda wa plastiki wa milimita 0.25, kipenyo kinaongezeka nusu milimita.

Vinili ina tatizo lingine ambalo haliko wazi dukani. Ina kemikali ya kuilainisha, na kemikali hiyo hutoka taratibu na kuyeyusha polistireni, plastiki ngumu ya modeli, inayogusana nayo. Boksi za zamani za AMT na MPC zinajulikana kwa hilo: unafungua unakuta tairi limechimba mfereji kwenye ringi, au limeacha alama kwenye kioo cha dirisha. Rangi ya enameli juu ya tairi hilo nayo haikauki, inabaki inanata. Kwa maandishi na mistari meupe tumia akriliki. Kati ya tairi na ringi naweka karatasi nyembamba ya alumini yenye gundi au utepe wa fundi bomba, mzunguko mmoja, ukikatwa usionekane kwa nje. Matairi ambayo hayajatumika hukaa kwenye mfuko wake wa politheni, mbali na bodi.

Kabla gundi haijawekwa, gari linasimama juu ya kioo na kipande cha karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1, kinapitishwa chini ya kila tairi. Kikipita bila kukwama chini ya tairi moja, habu ya upande huo inashushwa kwanza kwa kipande chembamba cha plastiki. Gundi naiweka kwenye ringi mbili za nyuma pekee, naacha ikauke gari likiwa limesimama palepale kwenye kioo, halafu zinafuata za mbele.