Jinsi nilivyojifunza kuifurahia Star Trek ya zamani bila kuitetea

Mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikisemwa ndani ya chombo cha anga nilikuwa mtu mzima, nimeketi sebuleni kwangu usiku, na nilirudisha picha nyuma mara tatu ndipo nikayaamini masikio yangu. Kilikuwa kipindi cha kwanza cha Star Trek, tamthilia ya televisheni kuhusu safari za chombo cha anga, kurushwa hewani nchini Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Kiumbe anayeishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, mwenye uwezo wa kujigeuza sura kulingana na mawazo ya anayemtazama, anamjia Luteni Uhura kwa umbo la mwanamume Mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Matamshi yake ni mabaya kiasi kwamba mimi niliyelelewa Tanga sikuweza kuyafuata yote, lakini maana ya tukio ilinifikia barabara: mwanamke huyu, afisa wa mawasiliano wa karne ya 23, akimwaza mtu wa kwao humwaza kwa lugha yangu. Jina lake lenyewe limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu kilichoitwa kwa neno hilo, na kwamba Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, alivutiwa nalo, kisha irabu ya mwisho ikabadilishwa ili lifae kuwa jina la mwanamke.

Niliipenda tamthilia hiyo tangu usiku huo, nami ninaipenda hadi leo. Ina vipindi 79 katika misimu mitatu, kuanzia mwaka 1966 hadi 1969, na vyote nimevitazama zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliitazama nikiwa na donge moyoni. Maadui wakuu wa Kirk, nahodha wa chombo hicho, yaani Waklingoni, walikuwa waigizaji weupe waliopakwa rangi ya kahawia usoni na kubandikwa masharubu yaliyoteremka, sura ambayo watazamaji wa Marekani waliihusisha na Wamongolia. Uhura mwenyewe, pamoja na uhodari wake wote, katika vipindi vingi hakupewa zaidi ya kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Kila nilipokutana na jambo la aina hiyo nilikuwa na sentensi moja ya kujituliza, kwamba hayo ni mambo ya wakati ule, watu hawakujua, tusiwahukumu kwa macho ya leo. Nilijiambia hivyo mara nyingi hata nikadhani ni hoja, kumbe ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu tu.

Aliyenivua sentensi hiyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuja kukaa nasi alipojiunga na shule ya sekondari akiwa na miaka 14. Tulijiwekea utaratibu wa kutazama kipindi kimoja kila Ijumaa jioni, baada ya chakula, na kila kipindi nilikitanguliza kwa maelezo mafupi. Nilimsimulia kwa fahari habari za George Takei, mwigizaji wa Sulu, mwendeshaji wa chombo, ambaye akiwa mtoto wa miaka mitano alipelekwa pamoja na wazazi wake katika kambi ya Rohwer, jimbo la Arkansas, na baadaye Tule Lake, jimbo la California, kwa sababu tu walikuwa na asili ya Kijapani wakati Marekani ikipigana na Japani. Mwandishi wa kipindi kilichorushwa Septemba 1966, ambamo Sulu anapatwa na wazimu na kukimbia huku na huko akiwa na silaha mkononi, alipomuuliza kuhusu upanga wa samurai wa Kijapani, Takei alipendekeza upanga mwembamba wa Kizungu, ule wa mchezo wa vitara, kwa maelezo kwamba mtu wa karne ya 23 atakuwa mrithi wa tamaduni za dunia nzima na kwamba yeye mwenyewe utotoni alipenda hadithi za Robin Hood. Pendekezo lake lilikubaliwa. Binti alilipenda tukio hilo hata akaomba tulirudie.

Ijumaa kadhaa baadaye tulifika kwenye kipindi cha Februari 1967 kinachomtambulisha Khan Noonien Singh, mtu aliyetengenezwa kimaabara ili awe bora kuliko wanadamu wengine. Mwanahistoria wa chombo anakisia kwamba asili yake ni kaskazini ya India, na kwamba huenda ni Kalasinga. Aliyemwigiza ni Ricardo Montalbán, Mmeksiko, naye alipakwa rangi ili ngozi yake ionekane nyeusi zaidi. Mpwa wangu, ambaye darasani kwake wamo watoto wa Kalasinga, alitazama kwa dakika chache kisha akauliza, "Mjomba, mbona hana kilemba wala ndevu, halafu uso wake umepakwa rangi?"

Nikamjibu kwa ile sentensi yangu. "Mwanangu, hiyo ni zamani. Watu wa wakati ule hawakuona ubaya wake."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini yule wa upanga naye si alikuwa wa zamani hiyo hiyo?"

Sikuwa na jibu. Kati ya kipindi cha upanga na kipindi cha Khan haikupita hata miezi mitano. Vyote viwili vilitengenezwa na kundi moja la watu, wakapita kwenye milango ile ile, wakakaa kwenye viti vile vile vya kupakwa vipodozi. Nilipolitafakari jambo hilo juma lile zima, niliona kwamba udhuru wangu wa wakati ule ulikuwa na dhuluma ndani yake, kwa kuwa ulimfuta Takei. Ulimfuta kila mtu aliyeona ubaya huo siku zile zile ulipokuwa ukitendeka na akasema, au akafanya alichoweza ndani ya nafasi aliyopewa. Ulimfuta Nichols pia, ambaye alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alikwisha kuamua kuacha kazi hiyo arudi kwenye jukwaa la muziki na tamthilia, hadi alipokutana na Martin Luther King katika hafla ya chama cha kutetea haki za watu Weusi. King alimsihi abaki, akamweleza kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha kukitazama. Watu hao hawakuhitaji kusubiri mwaka 2020 ili wajue lipi ni heshima na lipi ni dharau.

Tangu hapo nilibadili namna ya kutazama. Niliacha kuilinganisha tamthilia na maadili ya leo, nikaanza kuilinganisha na yenyewe, maana kipimo kizuri imekibeba ndani yake. Mwezi Desemba 1966 nahodha Kirk anamkemea afisa anayemshuku Spock, msaidizi wa nahodha asiye binadamu kamili, kwa sababu ya sura ya masikio yake, anamwambia ubaguzi wake auache chumbani kwake. Mwezi Machi 1968 William Marshall, mwigizaji Mweusi mwenye sauti nzito ya kupendeza, anakuja kama Dakta Daystrom, mvumbuzi wa kompyuta zinazoendesha vyombo hivyo vya anga, na hakuna mhusika hata mmoja anayeshangaa kwamba mtu mwenye akili kuliko wote ni Mweusi. Watu walioweza kuandika hivyo wanastahili kuulizwa kwa nini pengine hawakuandika hivyo. Swali hilo liliniondolea lile donge kuliko utetezi wowote, kwa sababu sasa nilikuwa nikitazama kazi ya watu wazima wenye uwezo wa kuchagua, wala si ya watoto wasiojua wanachokifanya.

Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa kipindi cha tarehe 4 Oktoba 1968, "The Paradise Syndrome". Nilikitazama kwanza peke yangu, siku mbili kabla ya Ijumaa, na hiyo imekuwa kawaida yangu kwa kila kipindi ninachokitilia shaka. Kirk anapoteza kumbukumbu katika sayari inayokaliwa na watu wanaofanana na wenyeji wa asili wa Marekani. Spock anawaeleza kuwa ni mchanganyiko wa Wanavajo, Wamohikani na Wadelaware. Kirk anamfufua mtoto aliyezama majini kwa kumpulizia pumzi, wenyeji wanamwona kuwa ametoka kwa miungu, anapewa cheo cha mganga wao pamoja na binti aliyepangiwa mganga, na mwishoni binti huyo, aliyeigizwa na mwanamke mweupe, anakufa kwa kupigwa mawe na watu wake ili nahodha arudi kazini bila deni. Kilichoniuma zaidi ni ule mchanganyiko. Wanavajo wa kusini-magharibi yenye ukame na Wadelaware, ambao hujiita Lenape na ambao nchi yao ilikuwa kule New Jersey ya leo na jirani zake, hawana lugha moja, hawana nyumba za aina moja, hawana historia moja. Ni sawa na mtu amchukue Mmasai, Mzulu na Mhausa, awavike vazi moja na kuwaita kabila. Hili Waafrika tunalijua vizuri, kwa kuwa tumelifanyiwa.

Ijumaa ilipofika nilimwambia mpwa wangu kabla sijabonyeza: watu utakaowaona hapa si wa kubuni tu, majina yao ni ya watu walio hai. Nikamweleza kuhusu Wanavajo walioitumia lugha yao kupeleka ujumbe wa siri wa jeshi la Marekani katika vita vya Pasifiki, ujumbe ambao Wajapani hawakuweza kuufumbua. Kisha tukatazama hadi mwisho. Hatukukifurahia kipindi kile, na sikujilazimisha kukifurahia. Hilo nalo lilikuwa funzo kwangu, kwamba kuipenda tamthilia hakunibani kupenda kila kipande chake.

Kipo kipindi kimoja ambacho nimekataa kukirudia. Ni cha Oktoba 1987, katika tamthilia ya baadaye ya Star Trek iitwayo The Next Generation, ambamo sayari nzima ya watu Weusi wenye vilemba inaongozwa na mkuu anayemteka mwanamke mweupe kwa ajili ya kumiliki. Waigizaji wenyewe wamekilaani hadharani kwa miaka mingi. Kilitengenezwa karibu miaka 20 baada ya Dakta Daystrom, na kila mtu anayeniambia kwamba dharau ni suala la tarehe ninamwonyesha tarehe hiyo.

Furaha yangu, tofauti na nilivyohofia, imeongezeka. Lile busu maarufu la Kirk na Uhura la tarehe 22 Novemba 1968, ambalo zamani nililisifu bila kufikiri, sasa ninaliona kwa ukamilifu: katika hadithi wahusika wote wawili wanalazimishwa na watu wenye nguvu za akili, kana kwamba waandishi walihitaji kisingizio, na bado uso wa Nichols katika tukio lile, hofu na ujasiri kwa pamoja, ni uigizaji wa hali ya juu. Ninaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja. Zamani nilikuwa ninachagua moja na kuogopa lingine.

Tukio tulilolirudia mara nyingi kuliko yote ni la kipindi cha tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, haielewi kuimba ni nini, inafuta kila alichokijua. Baadaye anaonekana kwenye chumba cha wagonjwa akifundishwa upya kusoma, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukio hilo lina kasoro nyingi; wamemfuta akili afisa mahiri na kumaliza jambo lote kwa dakika mbili kama mzaha. Lakini anapokwama kwenye neno la Kiingereza na kukasirika, Kiswahili kinamtoka chenyewe, na nesi anamrudisha kwenye Kiingereza. Mara ya kwanza tulipolitazama, mpwa wangu aliinuka kwenye kochi, akaiambia televisheni kwa sauti, "Mwache aseme!" Sasa tukifika hapo husimamisha picha kabla nesi hajafungua mdomo, akamjibu Uhura kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyomsomesha mdogo wake, kisha ndipo tunaendelea.