Nilivyofundisha utumwa wa Marekani kwa karatasi za mabwana

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita. Mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya nilikuwa naifundisha kama wengi tunavyoifundisha: sababu, athari, umuhimu. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafaulu. Lakini mtumwa mwenyewe kwenye madaftari yao hana sura wala jina. Nikataka nyaraka za wakati ule, na mtu mmoja ambaye darasa lingeweza kumfuata kutoka ujana mpaka uzee.

Simu na bando vilitosha. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani imeweka mtandaoni barua za waasisi wa nchi ile, bure, tena zimechapwa upya, kwa hiyo huhangaiki na mwandiko wa kalamu ya unyoya. Jambo la kujua ni kwamba unaanza na jina la bwana. Karatasi hizo wameziandika mabwana na kuzitunza mabwana, na mtumwa anatokea humo akiuzwa, akihesabiwa, akiugua au akitoroka. Mtoro ndiye anayeelezwa kwa kirefu zaidi, maana anayemtafuta anataka watu wamtambue. Hivyo ndivyo nilivyompata Ona Judge.

Alizaliwa karibu na mwaka 1773 huko Mount Vernon, Virginia, kwenye shamba la George Washington. Mama yake, Betty, alikuwa mtumwa mshonaji. Baba yake alikuwa mzungu, mshona nguo kutoka Uingereza, lakini hilo halikumsaidia kitu: tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Akiwa na miaka kumi aliwekwa kumhudumia Martha, mke wa Washington, na Washington alipokuwa rais, alikwenda nao Philadelphia, mji mkuu wa wakati huo.

Nilitoa kopi za nyaraka nne, nikafuta majina ya waandishi, nikagawa darasa katika makundi. Kundi la kwanza lilipata tangazo la gazetini la Mei 1796. Linamtaja msichana chotara, mwembamba, mwenye madoadoa mengi usoni, macho meusi sana na nywele nyingi nyeusi. Zawadi ni dola 10. Tangazo linaongeza kwamba ana nguo nzuri nyingi za kila aina, na kwamba hakuna aliyemdhania kutoroka wala aliyemchokoza hata aondoke.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu hakuondoka kwa hasira. Mwenye hasira habebi nguo zote hizo." Mimi nilikuwa nimesoma tangazo lile mara kadhaa nikizitazama nguo kama alama za kumtambulishia tu. Yeye aliona maandalizi, na alikuwa sahihi: kwenye mahojiano ya uzeeni Ona anasema kwamba familia ilipokuwa inafunga mizigo kurudi Virginia, naye alikuwa anafunga yake, na kwamba vitu vyake vilitangulia kwa marafiki zake weusi wa mjini. Alitoka nyumbani wao wakiwa mezani wanakula.

Waraka wa pili ni barua ya Aprili 1791. Sheria ya Pennsylvania, jimbo ulipo mji wa Philadelphia, ilimruhusu mtumwa wa mgeni kudai uhuru wake akishakaa huko miezi sita. Mwandishi anamwagiza katibu wake awarudishe watumwa Virginia kabla muda haujatimia, kwa kisingizio kitakachowapumbaza wao na umma. Kundi lililoisoma lilidhani ni mfanyabiashara mjanja tu. Nilipoandika ubaoni jina la George Washington, palikuwa na kelele kweli.

Kundi la tatu lilipewa barua za mwishoni mwa 1796, na kwangu hizi ndizo zenye utamu. Ona ameonekana Portsmouth, New Hampshire. Rais anamwandikia waziri wake wa fedha akilalamika kuhusu utovu wa shukrani wa msichana aliyelelewa kama mtoto wa nyumbani. Joseph Whipple, ofisa wa forodha wa Portsmouth, anakwenda kuzungumza naye, kisha anajibu kwamba Ona yuko tayari kurudi kama ataahidiwa uhuru Washington na mkewe watakapofariki. Hebu fikiria: mtumwa mtoro anaweka masharti kwa rais wa nchi, na ofisa wa serikali anayapeleka kwa maandishi! Washington anakataa, anasema hiyo itakuwa kumtuza aliyekosa uaminifu na kuwaonea waliobaki.

Palikuwa pia na suala la mali, na ilinibidi nilifafanue polepole. Ona hakuwa wa Washington. Alikuwa sehemu ya mirathi ya Daniel Parke Custis, mume wa kwanza wa Martha. Ndiyo maana wosia wa Washington wa 1799, ulioelekeza watumwa wake mwenyewe wapewe uhuru, haukuwagusa watu wa mirathi ile, ndugu zake Ona wakiwemo. Wanafunzi wangu wanaotoka kwenye familia zenye kesi za mirathi walielewa haraka kuliko wenzao.

Waraka wa nne ni mahojiano ya 1845 kwenye gazeti moja la New Hampshire. Ona ni mjane, watoto wake wamekufa, ni maskini. Anaulizwa kama anajuta kuondoka kwa Washington. Anajibu kwamba hapana, yuko huru. Alifariki Februari 1848, na mbele ya sheria alikuwa bado mali ya warithi wa Custis.

Mjadala ulivuka kengele. Kijana mmoja alishikilia kwamba mzee wa miaka sabini hawezi kukumbuka sawasawa mambo ya ujanani. Wenzake wakamwuliza kwa nini rais aliyeandika ili amrudishe mtumwa wake aaminiwe zaidi. Nimewapa wote barua za Whipple wakasome nyumbani, walinganishe na mahojiano sentensi kwa sentensi. Ijumaa watabishana tena.