Barua za babu za melini, na ile moja isiyokuwa ya bibi

Desemba 1986 nlikuwa nimemaliza darasa la tano, nikapelekwa Korogwe kwa babu na bibi kama kila likizo. Wanaokumbuka miaka ile wanajua hali ilivyokuwa, sabuni ya kukata vipande, sukari ya kupimiwa, kibatari kinawashwa saa moja saa mbili kishazimwa kuokoa mafuta ya taa, na mwaka huo mvua ilinyesha ile mbaya mpaka watu wa bondeni wakaanza kuhamisha kuku.

Usiku mmoja bati la chumbani likavuja. Asubuhi tunaamka, lile sanduku la babu la chuma aliloletaga toka jeshini limeingia maji, na kopo la biskuti la bibi lililokuwa juu yake nalo hivo hivo. Bibi hakusema kitu kuhusu godoro wala nguo, alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Tukatandika mkeka jikoni karibu na mafiga, tukaanika makaratasi yote pale, ya kopo na ya sanduku, mimi ndo nilikuwa nayapanga na kama unavyojua mtoto wa miaka kumi na moja anavyopanga vitu, nikayachanganya.

Zile za kopo zilikuwa barua za babu za vita. Babu alikuwa Keya, yani askari wa King's African Rifles, wazee wote wa kwetu walisema Keya tu. Alikuwa dereva wa malori. Aliondoka nyumbani 1943 akiwa na miaka ishirini na moja, kamuoa bibi hata mwaka haujaisha, akapanda treni pale pale stesheni ya Korogwe kwenda Moshi, toka Moshi ile reli ya kwenda Voi, akaingia Kenya kwenye mafunzo, na kutoka hapo hakurudi mpaka 1946.

Sasa bibi alikuwa amepita kisomo cha watu wazima na cheti chake alikuwa nacho, lakini mwenyewe alisema kile kilikuwa kisomo cha herufi kubwa, mwandiko wa babu wa kuungaunga ulikuwa unamshinda. Kwa hiyo barua zile alikuwa anasomewa. Zamani alisomewa na mwalimu wa shule, baadaye na watoto wake, siku hiyo ikawa zamu yangu.

"Mume wangu," akaniambia (mimi ndo nilikuwa mume wake, babu alikuwa kashaachika kwa mujibu wake), "kabla hazijakauka zikajikunja, hebu nisomee."

Babu alikuwa kakaa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Akaguna tu.

Nikaanza. Barua zote zilianza namna moja, "Kwa mke wangu, salaam sana, wabaadu, mimi huku ni mzima wa afya, shaka ni juu yako wewe uliye mbali na macho yangu". Na kila nikifika hapo bibi anaitikia kwa sauti, "Nasi wazima." Siyo kwa utani. Anaitikia kama mtu kasimama nje anabisha hodi. Mara ya kwanza nikacheka, akaniangalia, nikaacha kucheka.

Barua ya Mombasa ndo ilinipa shida maana ilikuwa na matundu. Nikasoma nilivyoona, "Sasa nipo shimo, na kesho kutwa tutapanda shimo kwenda shimo."

"Shimo gani tena?" bibi akauliza, ingawa alikuwa anajua, barua ile kashasomewa mara hamsini.

Babu akacheka mpaka akaweka panga chini. Akasema afisa wa kizungu alikuwa anakaa na wembe, barua zote anapitia yeye, ukitaja mji anakata, ukitaja meli anakata, ukitaja tarehe anakata, kuna mwenzao mmoja aliandika maneno mengi ya siri barua ikafika kwao imebaki salamu na matundu kama chandarua kibovu. Na babu alikuwa anajua vizuri habari za wembe kwa sababu yeye ndo alikuwa mwandishi wa wenzake. Alisoma mpaka darasa la nne na enzi hizo darasa la nne ni msomi, basi jioni wanajipanga mstari wale wasiojua kuandika, kila mmoja anamwambia la kwake, yeye anaandika. Malipo sigara. Yeye havuti, anaziuza.

Nikaendelea na barua iliyofuata, ya Ceylon, ndo hii Sri Lanka ya sasa, ingawa na penyewe palikatwa. Hii bibi alikuwa anaipenda kuliko zote. "Safari yetu ilikuwa njema sana, bahari ilikuwa shwari kama maziwa, chakula ni tele, wala sikuumwa hata kichwa, tumefika sote salama."

Hapo babu akasema, huku anachonga, "Sikuumwa kichwa. Niliumwa tumbo."

Bibi akageuka. "Uliumwa lini?"

Basi ndo yakaanza kutoka. Akasema alitapika toka meli inatoka bandari ya Kilindini pale Mombasa, kabla hata nchi kavu haijapotea machoni. Wamelala chini kabisa tumboni mwa meli, joto, harufu ya mafuta na matapishi, watu wamepangwa kama mkaa kwenye gunia. Wengi wao bahari walikuwa hawajawahi kuiona, kuna vijana wa bara walionja maji kuhakikisha kama kweli ni ya chumvi. Mchana kutwa unatembea na boya la kuvaa, hata chooni unaenda nalo. Usiku marufuku taa, marufuku kuwasha sigara juu ya sitaha, maana nyambizi za Wajapani zinaona cheche toka mbali. Meli yenyewe jina lake alikuwa analitamka tofauti kila siku kwa hiyo sikuwahi kulijua.

Bibi kakasirika kweli. Siyo kwa vita, kwa kutapika. Yani miaka arobaini na mbili anasomewa kwamba huyu mtu hakuumwa, kumbe aliumwa. "Na mimi nilikuwa nawaringia wenzangu kisimani," akasema, "mume wangu baharini hata kichwa hakimuumi."

Tukacheka wote. Na mimi nikiwa bado nacheka nikachukua karatasi nyingine pale mkekani, mwandiko ule ule wa babu, nikaanza kwa sauti ya madaha kabisa, "Kwa mke wangu mpenzi," afu nikataja jina.

Lilikuwa siyo jina la bibi.

Dah. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Nakumbuka tu mafiga yalikuwa yanatoa moshi na hakuna aliyesogea kuzichochea kuni. Mimi kwa akili yangu ya darasa la tano nikajua leo nimevunja nyumba ya watu. Bibi akasema taratibu, "Huyo nani, baba watoto?"

Babu akanyoosha mkono nimpe. Bibi akasema, "Usimpe. Huyo nani?"

Akakaa kimya muda, panga mkononi. Afu akaanza kueleza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, ya chini, kama anatoa taarifa kwa mkubwa wake wa kazi.

Barua ilikuwa siyo yake. Pale kambini Mombasa wakisubiri meli alijuana na kijana mmoja wa mizinga, wa kikosi cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kijana hajui kuandika, na nyumbani kamwacha mkewe ana mimba. Akamwomba amwandikie, akamwandikia. Kwenye bahasha ikatakiwa sanduku la posta la misheni ya karibu na kwao, kijana akawa halikumbuki, akasema mwenzangu wa kijiji kimoja analijua, nitamuuliza kesho nikuletee. Kesho yake asubuhi wakapangwa, wa mizinga meli ile, madereva na wengine meli hii. Babu akabaki na barua mfukoni. Akajua watakutana tu Ceylon, si meli zinaongozana.

Zilikuwa meli tano za abiria na manowari za kuzilinda, mwanzoni mwa Februari 1944.

"Ilikuwa Jumamosi, tumeshakula mchana," babu akasema. "Mimi nipo juu napunga upepo kwa ajili ya tumbo. Nikasikia kishindo, na kingine. Nikatazama, ile meli yao imelala ubavu. Nikageuka nimwite mwenzangu aje aone. Nimegeuka tena, meli hakuna."

Bibi akasema, "Hakuna vipi?"

"Hakuna. Maji tu na vitu vinaelea. Na sisi meli yetu ikaongeza mwendo, zote zikatawanyika kila moja njia yake, ndo amri. Hatukusimama, bi mkubwa. Tuliwaona watu majini na hatukusimama."

Baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima na intaneti ipo, ndo nikaja kujua ile meli iliitwa Khedive Ismail. Ilipigwa torpedo mbili na nyambizi ya Kijapani, I-27, tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, na ilizama kwa muda usiofika dakika mbili, kwa hiyo babu hakutia chumvi, mtu anageuka kumwita mwenzake na meli yenye watu 1,511 inaondoka. Walikufa 1,297, na wengi wao walikuwa vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, wengi walikuwa ndani chini. Walipona 214 tu. Manowari zilirudi kuwaokoa waliokuwa majini, lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao hao hao wanaoelea, na mabomu ya kuitafuta yakarushwa pale pale kwenye watu. Hilo babu hakuliona, meli yake ilikuwa imeshafika mbali, na namshukuru Mungu hakuliona. Majina ya hao wapiga mizinga yapo Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Nilienda siku moja. Lakini kijana wa barua kasaini jina moja tu, tena la kawaida, jina ambalo ukiliita sokoni wanageuka watu watano, nikatembea pale na kidole changu ukutani nikarudi hotelini.

Babu akamalizia kwamba waliposhuka Colombo waliambiwa hakuna ruhusa kuandika habari ya ile meli, na hata wangeandika wembe ungekata. Wenzake wakajipanga mstari kama kawaida kila mmoja na salamu zake. Akawaandikia wote safari ilikuwa njema. Afu akaandika ya kwake, ile ya bahari shwari kama maziwa.

Mambo ya Bama yenyewe, yani Burma, Myanmar ya sasa, lile bonde la Kabaw na mvua yake na malori kuzama kwenye matope mpaka walipouvuka mto Chindwin mwisho wa 1944, hayo alikuwa anayasimulia siku zote, hata kwenye pombe za watu alisimulia, tuliyachoka. Hili la meli hakuwahi kumwambia mtu. Barua aliiweka ndani ya kitabu chake cha jeshi na kitabu kikakaa chini ya sanduku, mpaka bati lilipovuja.

Nilidhani bibi atalia. Hakulia. Akasogeza kuni, akapuliza moto, akaniambia, "Soma yote."

Nikasoma. Anasema yeye ni mzima, shaka ni juu ya mkewe na mama na mtoto ambaye hajamwona. Kama ni wa kiume apewe jina la baba yake, kama ni wa kike mama mtu achague mwenyewe, yeye hana ugomvi. Zile shilingi nne kwa fundi cherehani asizidai kwa ukali maana fundi anaumwa. Yule mbuzi mwenye doa jeupe asiuzwe hata kaka mtu akisema auzwe. Na mwisho kabisa kuna hili, nalijua kwa moyo: "Anayeniandikia barua hii ni dereva, ana mwandiko mzuri lakini anajidai nao sana, na haya pia nimemwambia ayaandike nione kama ataandika."

Babu mlangoni akatoa sauti kama kikohozi.

"Na ukayaandika," bibi akasema.

"Si ndo kazi."

Bibi akauliza kwao ni wapi. Babu akasema alitaja mto na misheni, mito yote ina misheni. Akauliza tena, mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, babu akasema sasa hilo nitajuaje mimi.

Karatasi zilipokauka nikazirudisha, za sanduku kwenye sanduku na za kopo kwenye kopo. Nikashika ile nikawa sijui ya wapi. Bibi akaichukua mkononi mwangu akaiweka kwenye kopo lake.

Likizo iliyofuata jioni moja akaniambia tena mume wangu hebu nisomee, nikazisoma zote kwa mpangilio, nilipofika ile nikamwangalia kwanza. Akasema soma. Nikasoma, kwa mke wangu mpenzi, nikataja lile jina, salaam sana, wabaadu, mimi huku ni mzima wa afya.

"Nasi wazima," akasema bibi.