Siku Mama alipokutana na choroa Al Ain

Leo Jumanne, watoto wako shule, nguo za wikendi bado ziko kwenye tenga sijafua, nimekaa kuandika kabla sijasahau, maana ile Jumamosi nataka nibaki nayo.

Mama yuko kwetu hapa Abu Dhabi tangu mwisho wa Desemba. Ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Wiki tatu nzima tumemtembeza, kaona magorofa, kaona maduka yale makubwa, kaswali msikiti mkubwa, kila kitu anasema mashaallah, lakini mi namjua mama yangu akifurahi anakuwaje na hakuwa hivyo. Anakaa dirishani anatafuta pa kuweka macho. Simu yake hajabadilisha saa mpaka leo, sisi tukikaa kula saa nane mchana yeye anaangalia simu anasema "saa saba hii, huko ndo wanasonga ugali."

Basi Baba Zuhura ndo akatoa wazo tumpeleke Al Ain kwenye bustani ya wanyama, nikasita kidogo, nikajiambia mtu aliyezaliwa kijiji cha Kisiwani kwetu Tanzania, ubavuni mwa mbuga ya Mkomazi, unamtoa kwa ndege halafu unaenda kumwonyesha twiga? Lakini watoto walishasikia, ikawa imeisha hiyo.

Nimeamka saa kumi na moja nikapika pilau nikaweka kwenye hotipoti, maandazi ya jana yapo, chai ya tangawizi kwenye chupa. Asubuhi za Januari huku zina baridi jamani, Mama alitoka na sweta na kanga juu ya sweta, hakuamini kama jangwa linaweza kuwa hivi. Baba Zuhura akamfungulia mlango wa mbele, "Mama karibu hapa, utaona njia vizuri," Mama akashukuru kwa sauti ya chini akaenda nyuma akajibana katikati ya Zuhura na Idrisa. Mkwe kwao hakai bega kwa bega na mkwewe. Sikulazimisha, na Baba Zuhura naye akaelewa, akawa anaendesha polepole kama kabeba mayai.

Ni kama kilomita 160 hivi. Unavyokaribia Al Ain mchanga unabadilika rangi, unakuwa mwekundu mwekundu, na Mama akaanza kuongea. Alipouona mlima Jebel Hafeet umesimama peke yake mkavu hauna hata mti, akasema "huu ungekuwa kwetu mvua ingeshaupata." Bustani yenyewe iko chini ya huo mlima. Aliianzisha Sheikh Zayed mwaka 1968, yaani kabla hata nchi hii haijaitwa Falme za Kiarabu, maana muungano wao ni wa 1971.

Twiga tuliwaona, Idrisa akalisha mmoja majani ya saladi, akalambwa mkono akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Simba weupe walikuwa wamelala. Pale kwenye paka wa jangwani tulikaa kidogo maana Zuhura aliwahi kufundishwa shuleni kwamba chini ya nyayo zake kuna manyoya ndo maana mchanga wa moto haumuunguzi, akamweleza bibi yake lakini kwa kuchanganya, nusu Kiingereza, na Mama anaitikia "ehee" kwa heshima tu, naona kabisa hajapata yote. Hilo jambo linaniuma siku nyingi. Zuhura ana miaka tisa, Kiswahili anakisikia chote ila akijibu kinatoka vipande vipande, na kosa ni langu, nikirudi nyumbani nimechoka naongea lugha yoyote inayotangulia mdomoni.

Halafu tukafika kwa wale swala weupe.

Walikuwa kama kumi na kitu wamesimama kivulini. Weupe kabisa, miguu ya kahawia kama wamevaa soksi, pembe ndefu zimenyooka, mmoja akigeuka ubavu pembe mbili zinaonekana moja. Mama akasimama. Akashika uzio. Akasema taratibu, "Choroa."

Nikamwambia Mama hawa ni wa huku Uarabuni. Akasema, "Najua sio wale, wetu ana rangi ya udongo na ana vishada vyeusi kwenye ncha za masikio. Lakini huyu ni choroa, tazama anavyosimama."

Pale kuna kibao, Kiarabu juu Kiingereza chini. Mama Kiingereza hasomi. Lakini chuoni alikaa miaka, Kuruani kahitimu, kwa hiyo akasogea kwenye yale maandishi ya juu akaweka kidole akaanza kuunganisha herufi kama anavyosoma juzuu, kwa sauti, "al... ma-haa... al-arabi." Hajui maana yake ila kasoma sawasawa. Zuhura akaruka, "Bibi unajua Kiarabu!" Mama akamwambia "nasoma tu mjukuu wangu, maana yake sijui, niambie wewe." Na Zuhura, ambaye Kiarabu anasoma shule kila siku, akamwambia maha ni huyu mnyama, na darasani kwao kuna msichana anaitwa Maha, Waarabu wanapenda kuita mabinti hivyo kwa sababu ya macho yake mazuri. Mama akamtazama mnyama macho, muda mrefu tu, akasema "kweli."

Nilikuwa nyuma yao. Mmoja anaweza kusoma neno, mwingine anajua maana, na jina lake la Kiswahili analo Bibi. Sikuingilia. Zuhura akawa anasoma ile sehemu ya Kiingereza anaitafsiri mwenyewe, akikwama anauliza, "hizi zinaitwaje" anagusa kichwa chake, Bibi anasema "pembe," anaendelea. Akamweleza kwamba hawa waliisha kabisa porini. Mama akamkatiza, "waliisha vipi na mimi nawaona?"

Usiku nilikaa na simu nikasoma yote vizuri maana hilo swali hata mi lilinikaa. Kumbe watu walikuwa wanawawinda kwa ngamia enzi na enzi na wakabaki, lakini zilipokuja gari na bunduki za kisasa hawakuwa na pa kukimbilia, jangwa liko wazi. Mwaka 1962 wakakamatwa watatu kusini mwa Uarabuni, wakaongezewa wengine kutoka London, Kuwait na Saudia, wakawa tisa, wakapelekwa Phoenix huko Arizona, Marekani, kwa sababu na huko ni jangwa, hewa inafanana. Yule wa mwisho porini alimalizwa Oman mwaka 1972. Kwa hiyo kwa miaka kumi hivi huyu mnyama porini hayupo, yupo kwenye kufugwa tu, na huko ugenini anazaa. 1982 wakaachiwa tena Oman, pale pale Jiddat al-Harasis alipomalizikia yule wa mwisho. Na miaka ya 90 majangili wakawarudia tena, hiyo sehemu niliisoma mara mbili kwa hasira. Ila hawakukata tamaa, na 2011 wakashushwa kutoka kwenye daraja la wanyama walio hatarini kutoweka. Na wapo binamu zao wenye pembe za kupinda kama jambia, hao Abu Dhabi imekuwa ikiwarudisha Chad tangu 2016.

Mchana tulikula pembeni ya gari, tumetandika mkeka, na ndo Mama akafunguka. Kasema alipokuwa msichana wakienda kuni na wenzake walikuwa wanaona choroa mbali huko tambarare, hawakukaribia maana baba yake aliwaambia choroa hata simba anafikiria mara mbili, ile pembe sio pambo. Na faru aliwahi kumwona mara moja tu, asubuhi, kasimama kwenye ukungu, wakaacha kuni wote wakakimbia. Halafu faru wakaisha. Anasema hakuna aliyewatangazia, ilifika siku ukajikuta husikii tena mtu akisema nimekutana na faru. Mkomazi walimalizwa na ujangili, na miaka ya 90 ndo wakaanza kuletwa wengine kutoka Afrika Kusini, wanalindwa ndani ya uzio mpaka leo. Mama habari hizo anazijua, ila hajawahi kwenda kuwaona. Nilimuuliza kwa nini, akasema "tangu niolewe nishuke Tanga, nani angenipeleka?"

Hilo jibu nimelala nalo. Mimi mwenyewe Mkomazi sijaingia. Nimezaliwa Tanga, likizo zote naenda Kisiwani kwa babu, mbuga ile pale, na leo wanangu wamemjua choroa Al Ain.

Kurudi Mama alikuwa mwingine. Idrisa amemlalia miguuni, Zuhura katoa daftari la kuchorea anaandika, kila mnyama tuliyemwona anauliza jina, pofu, mbuni, kobe, swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili kula majani, huyo hata hatukumwona lakini Bibi alisema lazima aandikwe kwa sababu Mkomazi wapo. Choroa kaandika na u mwanzoni, "churoa," nikataka kumsahihisha Mama akanikonyeza niache, akamtamkia tena polepole mwenyewe akafuta.

Mama anaondoka Alhamisi. Jana usiku Baba Zuhura alikuwa anaangalia bei za tiketi za kwenda nyumbani Agosti, watu wanne, na mlangoni kwa Mama nilisikia Zuhura anamuuliza mtoto wa choroa anaitwaje, Mama akamjibu ndama, kama wa ng'ombe, na akizaliwa rangi yake ni ya mchanga ili fisi asimwone.